Gari la Viti Viwili

Wiki iliyopita niliwaacha nje ya geti la watu, nikichungulia ndani kama mwizi.

Kwa aliyekosa gazeti: shule ya udereva nilikofundisha tangu ujana wangu ilifungwa, nikapewa kiinua mgongo, na mimi na mke wangu tukakubaliana tununue pikapu. Mke wangu anaoka mikate. Mikate inataka kusambazwa. Hapakuwa na mjadala.

Nikatoka kwenda kutazama pikapu. Njiani nikaona kipande cha boksi kimefungwa kwa waya getini: GARI LINAUZWA. Ndani, pua nyekundu ilikuwa inachungulia chini ya turubai. Gari la spoti la zamani, la viti viwili, taa za mviringo, la aina ile ambayo nikiwa mwanafunzi nilikuwa nikikata picha zake magazetini na kuzibandika ukutani.

Mzee mmoja akaja getini. Hakuniuliza kama nina pesa. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia nafundisha udereva, alifumba macho kidogo, kisha akasema, "Njoo kesho asubuhi. Njoo na mtu wa kulikagua."

Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba pikapu nimeiona, kesho naenda kuikagua vizuri. Huo ndio uongo wenyewe. Sasa sikilizeni ulivyozaa.

Mtu wa kukagua nilikuwa naye mmoja tu, na ndiye hasa niliyepaswa kumkwepa: shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ni fundi wa bodi. Mtaani wanamwita Sumaku, kwa sababu haendi popote bila kipande cha sumaku mfukoni. Ukimwonyesha gari lililopakwa rangi likapendeza, anakipitisha taratibu juu ya bodi. Kisiponasa, anajua hapo chini hakuna bati, kuna pati ya kuzibia mashimo.

"Dada anajua?" akaniuliza.

"Atajua."

"Kabla au baada?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Sikiliza, shemeji. Nitakuja. Lakini nikisema hapana, ni hapana. Tunaondoka, tunakwenda kwenye pikapu."

Nikaapa. Siku hizi naapa kirahisi sana.

Geti tulifunguliwa na mtoto wa mzee, mwanamume wa makamo, shati limenyooshwa, simu sikioni. Alikuwa mpole, sitamsingizia.

"Ufunguo nimempa Baba, atawaonyesha mwenyewe," akasema. "Ombi langu ni moja. Asiendeshe yeye. Macho yake hayamsaidii tena."

Mzee alikuwa amevaa suti. Amenyoa ndevu, kiatu kinang'aa. Alikuwa daktari wa meno mstaafu, nami nikadhani labda ndivyo madaktari wa meno wanavyoamka.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwalimu. Huyu ndiye mkaguzi?"

Sumaku alikuwa tayari ameweka kiganja juu ya boneti.

"Ni ya moto," akasema.

"Nimeliwasha kidogo, lipate joto," mzee akasema.

"Hapo ndipo umekosea, Daktari. Mimi nataka nilisikie likiamka lenyewe. Tutasubiri lipoe."

Mzee akatazama saa. Akatazama geti. Akatazama saa tena. "Litapoa lini?"

"Likipoa."

Tukaletewa viti vya plastiki. Sikuweza kukaa. Nilizunguka lile gari kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikagusa kioo, nikagusa kishikio cha mlango, nikafuta vumbi lisilokuwepo. Na kila nilipogeuka nilimkuta mzee naye amesimama, anahesabu vigae kwa ncha ya kiatu. Mnunuzi kuwa na wazimu ni jambo la kawaida. Lakini muuzaji?

Hatimaye Sumaku alitoa sumaku yake.

Ilinasa kwenye boneti. Ikanasa kwenye madigadi zote. Ilipofika chini ya mlango wa dereva ikateleza, ikaanguka kwenye nyasi, ikalia tip! Akainua zulia la ndani. Akaita, "Shemeji, njoo uone bustani."

Kweli, kupitia sakafu ya gari niliona majani.

Kisha akaingia, akawasha. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe kidogo, ikatulia na kuanza kunguruma kwa sauti nzito, tamu, ambayo niliisikia hadi kwenye magoti. Sumaku alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama. Akachomoa kijiti cha oili, akanusa. Nikaona uso wake umelainika.

"Injini ni nzima," akasema. "Aliyeitunza alikuwa anaipenda."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapana."

"Hapana?"

"Upande wa dereva umeoza wote. Ukipita kwenye dimbwi utanawa miguu."

"Bati linaweza kushonwa."

"Kila kitu kinaweza kushonwa, shemeji. Hata wewe, dada akishamaliza kukupasua."

Ningeondoka. Naapa, na safari hii naapa kweli, mguu ulikuwa umeshageuka. Ni mzee aliyenishika mkono.

"Utakataaje gari hujaliendesha?"

Sumaku akafungua mdomo, nami nikawahi. "Kuendesha tu, shemeji. Kuendesha siyo kununua."

Viti ni viwili. Mzee alishaketi kimoja, mikono juu ya mapaja kama mtu aliye kanisani. Mtoto wake akasema kutoka barazani, "Zungukeni hapo tu, mrudi." Sumaku akabaki kwenye kiti cha plastiki, dhamana yangu, huku ananitazama kwa jicho ambalo mke wangu pia analo.

Maisha yangu yote ya kazi nimekaa kiti cha abiria. Wanafunzi walinibandika jina la Taratibu, kwa kuwa ndilo neno nililolisema kutwa nzima. Gari la shule lilikuwa na breki ya pili upande wangu, na mguu wangu haukuwahi kubanduka juu yake. Sasa nilikuwa nimekaa chini kabisa karibu na lami, upepo usoni, usukani mwembamba mikononi, na kila nilipogusa mafuta kiti kilinisukuma mgongoni.

"Kata kulia," mzee akasema.

"Tumeambiwa tuzunguke hapa tu."

"Hapa utapima nini, matuta? Kata kulia. Kuna barabara nzuri."

Nikakata kulia. Hakuna aliyenishikia bunduki, naomba mlielewe hilo.

Barabara nzuri ikaisha. "Endelea kidogo," akasema. Kidogo nacho kikaisha. "Sasa panda kile kilima. Injini inapimwa kwa mlima." Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Niliiacha itetemeke.

Kabla ya kilima kulikuwa na mteremko wa kuingia darajani. Nikakanyaga breki.

Pedali ikazama. Ilishuka mpaka karibu na ile sakafu iliyooza, na moyo wangu ukashuka nayo. Nikakanyaga tena, ndipo ikashika. Tukavuka daraja polepole. Nikamtazama mzee. Alikuwa anatazama mbele, anatabasamu kama mtoto aliyepelekwa kutembea.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema, "Daktari, breki zako ni mbovu."

Sikusema. Nilijiambia, hii iwe karata yangu ya mwisho. Tukirudi, tukikaa kupatana bei, nitaitupa mezani, bei ianguke yenyewe. Mimi, mwalimu wa udereva, niliyewafokea watu kwa kusahau kioo cha pembeni, nilificha breki mbovu ili nilipate gari kwa bei poa. Nawaambia ninyi kwa sababu yeye sikumwambia.

Tukapanda kilima. Juu kabisa palikuwa na nyumba yenye geti la kijani.

"Simama. Piga honi. Mbili fupi, moja ndefu."

"Hapa ni kwa nani?"

"Piga, mwalimu."

Nikapiga. Geti likafunguka kidogo, akatoka bibi mmoja mwembamba, anatembelea fimbo, mkoba begani, amevaa gauni la kutokea na kilemba kilichofungwa kwa makini. Akaja mpaka upande wa mzee.

"Umechelewa," akamwambia.

"Walikuwa wanasubiri gari lipoe."

Akampa mkono, mzee akaushika kwa mikono yake yote miwili, akauweka shavuni. Nikageuza uso. Nilijiona kama nimefungua mlango wa chumba bila kubisha.

"Daktari," nikasema baadaye, "huyu ni nani?"

"Mke wangu."

"Si unakaa kwa mtoto wako?"

"Mimi nakaa kwa mtoto wangu. Yeye anakaa kwa binti yetu. Alipovunjika nyonga watoto walikaa kikao, wakatugawana. Huyu akamchukua mama, yule akamchukua baba. Nyumba yetu wakaipangisha." Alisema bila hasira. "Waliahidi kutukutanisha kila wikiendi. Lakini wana kazi, wana watoto, kuna foleni. Mwaka umepita na zaidi. Tunasalimiana kwa simu, kama wakwe."

"Kwa hiyo gari huuzi."

"Gari nauza. Ila nilihitaji kwanza mtu wa kunitoa pale getini. Wamekuja wengi, mwalimu. Mmoja kinyozi, mmoja muuza vitanda. Wanaendesha hovyo, naona hata kwa macho haya. Wewe uliponiambia kazi yako nilitaka kukukumbatia."

Nikavitazama viti. Nikatutazama sisi.

"Daktari, viti ni viwili. Sisi ni watatu."

"Naona," akasema.

Bibi alikuwa amezunguka mpaka upande wangu. "Mwanangu, hebu nipishe kidogo niweke mkoba nyuma ya hicho kiti."

Nani anamkatalia bibi wa watu? Nikashuka, injini inanguruma.

"Nishikie fimbo."

Nikashika fimbo. Akajishusha kwenye kiti changu, mguu mmoja, kisha wa pili akauinua kwa mikono yake mwenyewe, akauingiza. Akafunga mlango.

"Mama! Unaendesha?"

"Kutembea ndiko kunakonishinda, mwanangu. Kukaa sijashindwa."

Gia ya kwanza iliingia bila kulia. Kwangu ilikuwa inalia.

"Mama, subiri, brek—"

Nilikimbia. Nilikimbia na fimbo mkononi, napiga kelele, na lile gari jekundu likashuka upande wa pili wa kilima, kilemba cha bibi kinapepea, mpaka kona ikalimeza.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Wewe ni nani? Na hiyo fimbo ya mama yangu umeitoa wapi?"

Ndiye binti. Alikuwa na unga mikononi, kitambaa begani. Nikajaribu kueleza. Jaribuni ninyi kueleza jambo kama lile kwa mtu asiyewajua, mkiwa mmeshika fimbo ya mama yake.

"Yuko wapi?"

Nikaonyesha chini ya kilima. Kisha nikasema lile ambalo ningelisema darajani. "Dada yangu, breki za gari lile si nzuri. Nililijua hilo."

Alinitazama mara moja tu. Sitaki kutazamwa vile tena. Akakimbia ndani, akatoka na ufunguo.

Gari lake lilikuwa dogo, lina viti vya watoto nyuma na makombo ya biskuti kila mahali. Aliendesha kwa kushtukashtuka, na kila tulipokaribia kona nilikuta mguu wangu wa kulia unakandamiza sakafu, unatafuta breki ambayo haikuwepo.

"Alianguka bafuni," akasema bila kuulizwa. "Mama. Alikaa chini mpaka jirani aliposikia. Baba hakuweza kumwinua. Nyumba yangu ina vyumba viwili, kaka ana kimoja cha ziada. Tungefanyaje? Wewe ungefanyaje?"

Simu ikatetemeka tena, na safari hii niliipokea ili nipate pa kujificha.

"Shemeji!" Ni Sumaku, ananong'ona kwa hasira. "Uko wapi? Jamaa amefunga geti kwa kufuli. Amevuta kiti amenikalia mbele. Anasema nimemteka baba yake!"

"Mwambie mzee yuko salama."

"Yuko salama?"

Nikatazama mteremko mbele yetu. "Bado sijui."

"Basi ujue haraka. Amesema anaita polisi, nikachanganyikiwa, nikampigia dada."

"Dada gani?"

"Nina dada wangapi? Mke wako! Yuko njiani anakuja hapa. Ameniuliza pikapu ina tatizo gani."

Nikakata simu.

Chini ya kilima, penye makutano, tukaona watu. Kundi la watu wamezunguka kitu barabarani, wengine mikono kichwani. Binti akafunga breki katikati ya njia, akaacha mlango wazi, akakimbia. Nikamfuata. Miguu yangu haikutaka kufika.

Ulikuwa mkokoteni. Mkokoteni umepinduka, kreti za soda zimemwagika, mwenyewe amesimama juu ya vipande vya chupa, analaani.

"Gari jekundu," nikamwambia huku nahema. "Umeliona gari jekundu?"

"Nimeliona? Limenipita hapa nikaruka na mzigo wangu! Bibi kizee anaendesha kama ana mimba ya kujifungua leo! Wamenipungia mkono! Huyo ni ndugu yenu? Nani ananilipa?"

Binti alikaa kwenye ukingo wa barabara, akaficha uso ndani ya kile kitambaa chenye unga. Sikujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote. Wazazi wake walikuwa hai.

Tukarudi garini, akaliegesha pembeni. Hapo ndipo simu yake ikalia juu ya dashibodi. Akasoma kioo, akanisukumia. "Ni Mama. Pokea wewe. Mimi nikiongea sasa hivi nitasema maneno mabaya."

Nikapokea, nikasema, "Haloo."

"Ni mwalimu?" Upepo ulivuma nyuma ya sauti yake. Walikuwa wamesimama mahali, nilisikia mzee anapiga mluzi.

"Mama, breki! Hiyo pedali inazama!"

"Naijua vizuri kuliko wewe. Unakanyaga mara ya kwanza inakudanganya, mara ya pili inashika. Gari hili lilikuwa langu, mwanangu. Yeye siku zote alikuwa abiria. Sasa nisikilize, na usiitikie kwa sauti. Binti yangu yuko karibu?"

"Ndiyo."

"Umelipenda gari?"

Swali gani hilo? Nilikuwa na mke njiani kuja kuniua, shemeji nyuma ya kufuli, mwenye mkokoteni anagonga kioo cha nyuma anataka soda zake. Nikafumba macho nikauona ule usukani mwembamba.

"Ndiyo, Mama."

"Basi ni lako. Hatutaki hata senti. Tukifika hatuna kazi nalo tena. Fuata reli ya zamani mpaka kile kituo kilichofungwa. Mbele yake ndipo ilipo kliniki yetu ya kwanza, na nyuma ina vyumba viwili, ufunguo ninao. Njoo Jumapili. Lakini uje peke yako. Ukija na mmoja wa wale watoto, hutatukuta, wala gari hutaliona."

Binti alikuwa amenigeukia. Unga ulikuwa umemgandia shavuni kwa machozi.

"Anasema nini?" akauliza. "Wanaelekea wapi? Dawa zake za presha ameziacha mezani. Niambie wanaelekea wapi."

Nilishusha simu kutoka sikioni.

Akilini nilimwona mzee ameweka ule mkono shavuni. Nilimwona bibi sakafuni bafuni. Niliona pia gari jekundu, sitawaficha, limeegeshwa nje ya kliniki iliyofungwa, linanisubiri mimi.

"Simu imekatika," nikasema.

Akanyoosha mkono, nikampa. Akaitazama. Sekunde zilikuwa bado zinakwenda kwenye kioo.

Akaiweka sikioni polepole, macho yake hayaniachii.

"Mama," akasema, "hebu rudia uliyomwambia huyu mtu."